Muhula wa Somo Moja

Guangzhou, China
Mwezi wa tatu

Dada yangu Twilumba,

Kamwene. Mama ameamkaje? Tafadhali usinijibu "anaendelea vizuri" kama unavyowajibu watu wa kanisani wakipita mlangoni. Niambie hasa. Uji anaumaliza? Mkono wa kushoto bado umekaza? Maneno yameongezeka au ni yale yale? Na mgongo wako je? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unaguna katikati ya maneno, nikajua umetoka kumnyanyua. Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Kichwa ndicho si kizima, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Najua utashangaa kuona karatasi. Festo huyu huyu aliyekuwa anakwepa hata kuandika insha, leo anaandika barua! Lakini dada, simu yako si yako peke yako. Nikituma sauti, Mama anataka aisikie, unamwekea sikioni. Mama mdogo akiwapo anasema ongeza sauti, na kabla haijaisha jirani ameshaingia kuniitikia utadhani nipo sebuleni. Haya ninayotaka kusema nataka uyasome wewe kwanza, umekaa jikoni peke yako. Halafu wewe ndiye utakayejua Mama aambiwe lini na kwa maneno gani. Barua inakuja na Mama Sigala. Nimeikunja ndani ya suruali ya jeans iliyo saizi yako, na hiyo suruali ni yako, usikubali aipange dukani kwake pamoja na nyingine.

Huku sasa ni ule msimu ambao kuta zinatoka jasho. Sitanii. Unyevu unatambaa kwenye vigae vya ukuta mpaka chini, ngazi za bweni zinateleza, nguo ukianika ndani wiki nzima zinavunda bila kukauka. Kazungu, yule Mkenya wa Kilifi ninayekaa naye chumba kimoja, amefunga madirisha yote na kuziba chini ya mlango kwa taulo, na bado daftari zake zimejikunja. Jua tumelisahau. Natamani hata ule upepo wa Makambako unaotuezulia mabati, angalau ule ukipita unajua umepita.

Sasa swali lako. Ulinitumia picha za kile kitabu cha chuo cha Dodoma, chenye masomo ya lazima na ya hiari, ukaniuliza: "Mdogo wangu, wewe mzoefu. Muhula wa kwanza nijaze mpaka pomoni ili huko mbele kuwe kwepesi, au nifanyeje?" Nilikujibu "tutaongea", ukaona nimekupuuza. Sikukupuuza. Nilikuwa nasubiri majibu yangu mwenyewe, na jibu la swali lako na habari yangu vimegeuka kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo nivumilie, nitaanzia mbali kidogo.

Hapa chuoni kwetu mwanzoni mwa kila muhula wanafungua mtandao wa kuchagua masomo. Kila somo lina krediti zake, ukizifikisha zote unahitimu. Kuna masomo ya muhula wa vuli, yaani kuanzia mwezi wa tisa, na kuna ya muhula wa masika kama huu wa sasa. Mengine yanafundishwa mihula yote miwili, lakini yale mazito ni la vuli vuli, la masika masika. Ukilikosa la vuli, usilitafute masika. Unakaa unalisubiri mpaka vuli irudi.

Mshauri wetu wa masomo anaitwa Mwalimu Lin. Ni mama mfupi, mkali, kikombe cha chai chenye mfuniko hakimtoki mkononi. Mwaka wa kwanza alitukalisha wageni wote akatuambia tusizidishe masomo sita kwa muhula, na katika hayo sita moja liwe jepesi la kupumzishia akili. Nilimtii miaka mitatu. Nilienda vizuri, unakumbuka nilivyokuwa nawatumia matokeo mkawa mnashangilia mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Halafu Agosti Mama akaanguka bafuni, ikawa kiharusi. Wewe nafasi ya Dodoma ulikuwa umeshaipata, sanduku umeshanunua. Unakumbuka ulichoniambia kwenye simu? "Festo, mimi naahirisha mwaka mmoja. Wewe umebakiza kidogo, maliza kwanza, Julai uje ukae na Mama, mimi Oktoba niende." Ulisema haraka haraka kama mtu anayeagiza sukari. Ulikuwa umelingoja lile sanduku tangu Baba alipofariki ukaacha kila kitu kwa ajili yetu. Na chuo kikakujibu kwamba kuahirisha ni mara moja tu, ya pili hakuna.

Mwezi wa tisa mtandao ulipofunguka, mimi nikachagua masomo tisa. Ndiyo, tisa. Nikapiga hesabu kwamba nikiyabeba yote vuli, masika nitabaki na andiko la mwisho peke yake, naweza hata kuwahi kurudi kabla ya Julai. Nilijiona nina akili sana. Mwalimu Lin akaniita ofisini.

"Tisa?" akauliza. "Nani amekwambia tisa?"

"Hakuna, Mwalimu. Nataka kuwahi nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunua kikombe, akanywa, akafunika. "Basi chukua matano," akasema.

"Mwalimu, matano hayatoshi, nitachelewa."

"Mtu mwenye mgonjwa nyumbani anapunguza. Wewe unaongeza?"

Loh, nilimchukia siku ile. Nilimwona hana huruma kabisa, mwanamke gani anaambiwa habari ya mama wa mtu anajibu kwa namba. Nikabishana naye mpaka akaniidhinishia. Alipobonyeza pale kwenye kompyuta alitikisa kichwa, nami nikatoka nimenuna.

Lakini kuna jambo hata Mwalimu Lin halijui, na mimi nililijua nikalipanga vibaya. Vuli ndiyo msimu wa watu wetu. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja ndipo wanapomiminika kutoka Kariakoo, Mbeya, Mwanza, mpaka kwetu Makambako, kununua mali ya Krismasi, maana kontena lisipoondoka mapema linafika watu wameshakula pilau. Nao wakitua uwanja wa ndege wa Baiyun, mtu wa kwanza kumpigia ni mtoto wa nyumbani anayesoma hapa. Hawamwiti mkalimani, wanamwita mwanangu. Ukiwa mwanangu unabeba, unatafsiri, unabembeleza bei, unaonja chakula kama kina nguruwe au hakina, na huwezi kusema hapana. Utamwambiaje hapana Mama Sigala? Pikapu yake ndiyo iliyompeleka Mama hospitali usiku ule. Anakuja huku na dagaa na unga wa dona aliofungasha yeye mwenyewe, kwa ajili yangu. Nani ana mdomo wa kumkatalia?

Kwa hiyo nilipopanga ratiba, sikupanga kwa kufuata kichwa changu. Nilipanga kwa kufuata saa za maduka. Yale majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu, karibu na stesheni, yanachangamka asubuhi, mchana wanafunga hesabu. Nikasema safi, asubuhi niwe na wageni, vipindi vyote nivisukume mchana. Nikalipanga hata lile somo gumu kuliko yote kwa sisi wa uhandisi, Mekanika ya Miundo, mchana wa Alhamisi. Jamani! Mtu ametoka kupanda ngazi na kushuka tangu alfajiri, amepishana na wapagazi wanaoburuta marobota, sauti imemkauka kwa kubishana, ndiye huyo anayeingia darasani kukokotoa mzigo ulioko juu ya boriti. Nilikuwa nasinzia macho yakiwa wazi. Mwalimu wa Mekanika akawa ananitazama kama mlevi.

Na bado ningeweza kujikongoja nikafika, kama si Xintang. Xintang ni huko nje ya mji, kwenye viwanda vya jeans, treni ya chini ya ardhi inakwenda mpaka unadhani umeshatoka nchini. Huko kiwandani mambo yao yote ni mchana. Mama Sigala alikuwa ameshonesha mzigo wake wa Krismasi kwa bosi mmoja, huku mabosi tunawaita laobani. Alhamisi moja akanipigia analia.

"Festo mwanangu, njoo. Njoo sasa hivi, nimekwisha."

"Mama, mchana huu nina jaribio."

"Jaribio gani! Marobota yanafungwa haya, kontena linapakiwa jioni! Njoo dakika moja tu uongee naye, ukimaliza unaenda zako."

Nikaenda. Nimekuta marobota yamefungwa nusu, na lile lililofunguliwa lina suruali nyembamba miguu kama bomba, za vijana wa muziki. Mama Sigala ameishika moja juu, anaipepea mbele ya uso wa laobani.

"Mwambie! Mwambie hivi, wanaume wa Makambako wana mapaja! Watu wanalima viazi! Hii nani ataingiza mguu?"

Nikatafsiri kwa heshima. Laobani anavuta sigara, anatikisa mkono, "Mei you, mei you," yaani hakuna, hazipo nyingine. Mama Sigala neno hilo analijua kuliko hata jina la balozi wetu. "Usiniambie mei you! Mimi mteja wako mwaka wa ngapi? Wewe Festo, mwambie namuita mke wake, mke wake ananijua!" Na kweli akaja mke wake, na kweli suruali pana zilikuwepo, ziko ghorofa ya juu zimewekewa mteja mwingine. Tukapanda, tukahesabu, tukafungua, tukafunga upya. Mama Sigala alinikumbatia akaniombea baraka zote zilizoko mbinguni. Niliposhuka chini jua lilikuwa limezama, na jaribio la Mekanika lilikuwa limekwisha, wenzangu wameshakusanya karatasi.

Kesho yake nilimfuata mwalimu kumwomba nirudie. Akaniuliza kama nina karatasi ya hospitali. Nikasema sina, nilikuwa na mgeni wa nyumbani. Akasema mgeni si ugonjwa.

Sitakuchosha na yaliyobaki. Masomo tisa yalinielemea mpaka nikawa natapatapa, leo naokoa hili, kesho lile linazama. Matokeo ya Januari yalipotoka nilikuwa na sapu mbili, Udongo na Mekanika. Sikukwambia wakati ule kwa sababu sapu si kifo, hapa mitihani ya kurudia inafanywa muhula unapofunguliwa, nikasema nitazisafisha na hakuna atakayejua. Sikukuu yao ya mwaka mpya nzima nilikaa bwenini. Chuo kilikuwa kitupu, kantini zimefungwa, maduka yamefungwa, mji huu wenye watu wote hawa umenyamaza kabisa. Kazungu peke yake ndiye aliyebaki, akawa ananipikia ugali na kunisomea maswali. Nilisoma dada. Haki ya Mungu nilisoma.

Jumatatu majibu yametoka. Udongo nimefaulu. Mekanika nimefeli tena.

Nilikwenda kwa Mwalimu Lin nikiwa nimeshajua atakachosema, ila nilitaka nikisikie kwa mtu. Safari hii hakuwa mkali. Alinivutia kiti mwenyewe.

"Mekanika ni ya vuli," akasema.

"Najua, Mwalimu."

"Unasubiri vuli. Unamaliza Januari, cheti unakichukua Julai ya mwaka unaofuata."

"Siwezi kusubiri."

"Unaweza kusimamisha masomo. Mwaka mmoja tunakuruhusu. Ukirudi unasoma somo hilo moja, unahitimu." Akashika kikombe chake lakini hakukifunua. "Ila Festo, wanafunzi wanaosimamisha na kurudi kwao..." Hakuimaliza.

Nilitoka pale nikapanda treni ya chini bila kujua naenda wapi. Nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, nimeshika bomba la treni, nalia machozi yanadondoka, na hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye simu yake. Hapo ndipo nilipoona huku ni mbali. Kwetu mtu akilia stendi, hata muuza karanga atamuuliza mama vipi, baba vipi.

Nikarudi nikamweleza Kazungu. Mwenzangu huyu ana moyo mzuri, sina la kumlaumu. Akaniwekea chai, akasema, "Sasa Festo, mbona wajitesa? Kaa umalize, bwana. Mwaka mmoja ni kitu gani? Dada yako atangoja. Si ni dadako?"

Si ni dadako. Twilumba, neno lile lilinichoma. Kwa sababu ni kweli utangoja. Ningekupigia nikuulize, ungesema, "Sawa tu Festo, maliza wewe kwanza," kwa ile sauti yako ya kuagiza sukari. Ungekata simu ukaenda kuchemsha maji ya Mama. Ungelisukuma lile sanduku ndani zaidi uvunguni, na hakuna ambaye angekusikia ukilalamika mpaka unazeeka. Nimeijua sauti ile tangu nina kaptula. Ndiyo maana sikupiga, na ndiyo maana sikuulizi.

Nimejaribu kupanga kila namna. Nimechora mihula yangu na mihula yako kwenye karatasi moja. Nikisema nije Julai nirudi vuli, wewe Oktoba unaingia chuo, Mama anabaki na nani? Nikisema nirudi huku kusoma wakati wa likizo yako, wewe ukiwa na Mama, likizo yako inaisha ndipo Mekanika yangu inapoanza. Mama mdogo ana watoto wake na shamba lake, hawezi kuhamia kwetu. Nimepangua na kupanga tena, haiingii. Kilichobaki ni mmoja wetu atoke kwenye foleni, na wewe umeshatoka mara mbili.

Basi jana nimesaini kusimamisha masomo kuanzia Julai. Masika hii nitaandika andiko langu la mwisho, hilo nalimaliza. Julai nakuja kama nilivyosema. Sitakuja na cheti. Oktoba wewe unakwenda Dodoma.

Usinipigie kunibishia. Nakujua, sasa hivi umeshaweka barua chini unatafuta simu. Ikamate tena umalize.

Sitajifanya nina furaha. Nina uchungu ambao hata chakula kinanipita vibaya. Napita chini ya madaraja ya mji huu, na mimi ndiye niliyetaka kujua yanasimamaje, najiuliza kama nitayaona tena. Mwaka ukipita huwa unapita na wa pili. Huenda vuli ile nisirudi. Mwalimu Lin hakumaliza sentensi yake lakini mimi nilishaimaliza kichwani. Na Mama ndiye ananiuma zaidi. Wewe uliniambia kati ya yale maneno machache yaliyobaki mdomoni mwake, moja ni "kofia", kwa ajili ya ile picha ya mahafali anayoingoja. Anasema kofia, anagusa kichwa chake kwa mkono mzima. Nitamwambia nini? Hilo nimekuachia wewe, nisamehe, mimi nimeshindwa.

Mama Sigala hajui chochote. Safari hii amekuja kuchukua nguo za Pasaka, mzigo mdogo anaondoka nao kwa ndege. Juzi ananiambia ameshaongea na wanakwaya, Julai watanipokea stendi na vigelegele. Nikacheka tu. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Hana kosa, hakuna aliyemwambia kwamba msimu wake ndio mtihani wangu. Hata na wewe usimwambie, ataumia bure na ataanza kutuletea mchele kila wiki.

Sasa ndiyo nakujibu swali lako, na hapa unisikilize kama mimi ndiye kaka.

Usijaze. Muhula wa kwanza chukua yale ya lazima, la hiari moja tu, tena lile unalolipenda, si lile wanalokimbilia wenzako kwa sababu mwalimu wake hatoi mitihani migumu. Kabla ya kuandikisha chochote, uliza kila somo linafundishwa muhula gani, na kama ni la mara moja kwa mwaka, hilo ndilo ulipe siku zako nzuri na saa zako nzuri, asubuhi ukiwa na akili. Usiweke magumu mawili siku moja. Mwaka wa mafunzo ya kufundisha mashuleni, punguza kabisa, maana utakuwa na darasa la watoto wa watu na hutaweza kusoma usiku. Na kila muhula acha pengo. Ukiona ratiba yako imekaa vizuri, haina hata nafasi ya kuumwa jino, ujue umezidisha.

Na jambo kubwa kuliko yote, usituhesabu sisi. Ukipanga ratiba ya Dodoma usiseme Ijumaa niache wazi nikamwone Mama, sijui Jumatatu nichelewe kuingia. Njia ni ndefu na utafanya kama nilivyofanya mimi na wageni wangu. Wageni wale walikuwa somo la kumi, dada, lenye kazi kuliko mengine yote, na halikuwa na krediti hata moja. Simu za nyumbani nitapokea mimi. Mama mdogo akipiga kukwambia ng'ombe ameumwa, mwambie Festo yupo.

Najua na maneno ya watu. Watasema mtoto wa kiume aliyepelekwa China amerudi kushika bakuli la uji. Waache waseme. Kumwogesha Mama, nitamwomba Mama mdogo aje, hilo ni lenu wanawake na Mama mwenyewe ataona haya. Mengine yote yangu. Uji, dawa, kumkalisha nje jua likitoka, kumfanyisha mazoezi ya mkono, kufua. Tangu Julai nina somo moja tu, muhula mzima, na Mwalimu Lin angefurahi.

Nisalimie Mama, mshike mkono ule uliokaza umwambie Festo anausalimia huo kwanza. Msalimie Mama mdogo na watoto wake, mwambie unga wake ulifika haukuwa na mdudu hata mmoja. Msalimie mchungaji anayekuja kumwombea Mama kila Jumatano, na jirani yetu fundi cherehani, yule anayeitikia sauti zangu za simu kabla yako. Suruali ikikubana kiunoni mpelekee yeye aiachie, mwambie nimesema aongeze nafasi kidogo na kwenye mapaja kwa sababu na sisi tunalima viazi.

Ukinijibu, usiniandikie habari ya kuniomba nibaki. Nimeshasaini, karatasi imeshapokelewa, utapoteza wino. Niandikie mambo ninayoyahitaji, kwa sababu nina miezi michache na sitaki kumuumiza siku ya kwanza. Uji wake anautaka mzito kiasi gani? Akikasirika anatulizwa na nini? Analala ubavu upi? Na ukimgeuza kitandani, Twilumba, unaanza na bega au unaanza na nyonga?

Mdogo wako,
Festo